Santuri ya Mjomba Haikuwa ya Filamu

Santuri ya Hatari! iliyokuwa nyumbani kwa mjomba wangu Arusha ilikuwa na kila kitu juu ya jalada: jina la filamu, jina la mtunzi Henry Mancini, nembo ya RCA. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na muziki mwingine, uliorekodiwa upya studio kwa ajili ya kuuzwa madukani. Ule wa filamu ulibaki stoo ya Paramount kule Hollywood kwa karibu nusu karne. Mjomba alifariki bila kulijua hilo, na sidhani kama lingemnyima usingizi. Kwake ile ilikuwa santuri ya Momella, pale karibu na Arusha filamu ilipopigwa, basi. Alifanya vibarua kule wakati mwongozaji Howard Hawks na watu wake walipokuja kupiga picha, muda mfupi kabla ya Uhuru, akibeba maboksi na kusukuma magari yaliyokwama kwenye tope. Alidai kwamba John Wayne, nyota wa filamu, alimpa sigara. Wazee wa rika lake mjini walidai hivyo hivyo. Kama wote walisema kweli, basi Wayne aliondoka Tanganyika hana sigara hata ya dawa.

Sisi watoto tuliupenda wimbo mmoja tu, ule wa watoto wa tembo wanaokwenda kuoga. Mjomba aliuweka kila walipokuja wageni, sindano ikakwaruza, kisha klarineti ndogo ikaanza kuchekesha watu. Upande wa pili ulikuwa na vipande vya jazi ambavyo hakuna aliyevisikiliza isipokuwa mimi. Nilivijua vyote: "Night Side", "Big Band Bwana", "Crocodile, Go Home!". Nilijua kila mahali pigo la ngoma lilipoingia.

Ndiyo maana nilipokuja kuiona filamu kwa utulivu, miaka mingi baadaye, kwenye mkanda wa video katika bweni la wanafunzi London nilikokuwa nasomea ufundi wa mitambo ya redio, masikio yaligoma. Magari yanamkimbiza kifaru, vumbi linatimka, na chini ya mngurumo wa injini kuna ngoma na tarumbeta nzito ambazo hazimo kwenye santuri ya mjomba. Hata nyimbo nilizozijua zilikuja fupi zaidi, zimekatwa kufuata picha, na mwendo wake ulikuwa mwingine. Niliurudisha mkanda nyuma mara nyingi mpaka mwenzangu wa chumbani, Mkenya mmoja mpole sana, akaniuliza, "Kwani huyo kifaru amekuibia nini, ndugu yangu?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Nimeishi nao mpaka leo, na kuna watu wengi duniani wanaougua kama mimi: tunasubiri studio za Marekani zitoe stoo muziki wa filamu ambazo waigizaji wake karibu wote wameshazikwa.

Sababu ya santuri kuwa na muziki mwingine haikuwa hila ya mtu mmoja. Chama cha wanamuziki wa Marekani kilikuwa na sharti kwamba ukichukua rekodi iliyofanywa kwa ajili ya filamu ukaiweka kwenye santuri, unawalipa wapigaji upya. Okestra ya watu sitini au sabini ukiilipa mara mbili, santuri inakuwa ghali kabla haijafika dukani. Sharti lenyewe lilikuwa la haki. Mpiga fidla naye anakula. Lakini kampuni zilipiga hesabu zikaona ni afadhali kukusanya kundi dogo, kurekodi dakika thelathini hivi za nyimbo zinazochezeka, na kuacha mengine. Mancini, ambaye baada ya kazi zake za televisheni aliuza santuri kama njugu, alifanya hivyo karibu kila mara. Hata Breakfast at Tiffany's ya 1961 na Charade ya 1963 zilitoka kwa mtindo huo. Katika kitabu cha maisha yake alikuja kuandika kwamba albamu hizo zilimpa sifa ya kuwa mtunzi wa mambo mepesi, kwa sababu muziki mzito, ule wa hofu na mashaka, uliachwa nje.

Kwa Hatari! hasara hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Hawks alirudi kutoka Tanganyika na vyombo vya huku, vikiwemo marimba ndogo ya vidole na njuga za maganda ya mbegu, akamkabidhi Mancini avitumie. Onyesho la tembo Hawks hakuwa na uhakika nalo, alifikiria kulikata. Mancini aliliangalia akaona miguu ya wale watoto inakwenda kwa pigo la bugi-bugi, akaliandikia wimbo uliokuja kumpa tuzo ya Grammy. Dunia nzima ikaujua wimbo wa mzaha, na ule wa mbugani ukabaki gizani.

Mgawanyo wa mali nao uliongeza kufuli. Rekodi ya santuri ilikuwa ya RCA. Rekodi ya filamu ilikuwa ya Paramount. Nota zina mchapishaji wake. Wapigaji wana chama chao. Atakayetaka kuutoa muziki huo lazima abishe hodi milango yote hiyo, na kwenye kila mlango aonekane ana fedha. Nilipoanza kuandika barua, ujana ukinidanganya, studio moja ilinijibu kwa mistari miwili kwamba hakuna mpango wa biashara kuhusu jambo hilo. Kwangu hata kujibiwa ilikuwa ushindi. Barua ile niliitunza.

London ilinifundisha kwamba sikuwa peke yangu, na kwamba kusubiri kuna aina zake. Katika duka moja dogo la Soho nilinunua santuri iliyokwishatumika ya muziki wa filamu The Sea Hawk, ya mwaka 1972. Hiyo ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa RCA ambao Charles Gerhardt aliongoza National Philharmonic Orchestra kurekodi upya kazi za akina Erich Korngold, Max Steiner na Bernard Herrmann. Mtayarishaji alikuwa George Korngold, mtoto wa mtunzi mwenyewe. Walirekodi Kingsway Hall, ukumbi wa London ambao mafundi sauti wa dunia nzima waliupenda kwa mwangwi wake na kuulaani kwa treni zilizopita chini ya ardhi. Fundi wao alikuwa Kenneth Wilkinson. Nilikuwa mwanafunzi wa mitambo, kwa hiyo jina la Wilkinson lilinisisimua kuliko la Errol Flynn, nyota wa filamu hiyo. Ukiweka ile santuri, matarumbeta ya mwanzo yanasimama mbele yako yamepangana kulia na kushoto. Korngold aliyaandika mwaka 1940 kwa sauti ya sinema iliyokuwa finyu kama simu. Alifariki mwaka 1957 bila kuyasikia hivyo.

Aina nyingine ya kusubiri ilikuwa ya Elmer Bernstein. Huyu alikuwa mtunzi mkubwa mwenyewe, mwenye The Magnificent Seven, na alichoka kuona kazi za wenzake zikipotea. Kuanzia mwaka 1974 akaanzisha klabu: wapenzi wanalipa ada, yeye anakusanya okestra na kurekodi, santuri zinakwenda kwa wanachama tu. Alirekodi hata muziki wa Torn Curtain ambao Bernard Herrmann aliuandika na Alfred Hitchcock akaukataa mwaka 1966, ugomvi uliovunja urafiki wao. Klabu ilikufa kabla muongo haujaisha, kwa sababu wanachama hawakutosha kuibeba. Jambo hilo nimelishika sana. Wanaosema wanaupenda muziki fulani ni wengi. Wanaotoa ada wanajaa sebule moja.

Niliporudi Dar es Salaam niliajiriwa katika kituo cha redio ambacho sitakitaja. Maktaba yake ya kanda ilikuwa chumba kirefu chenye feni moja, na mlinzi wake alikuwa mzee tuliyemwita Babu Kanda. Siku ya kwanza nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba," kisha akanionya, "Humu usishike kitu bila kusoma mgongo wake." Kila boksi la kanda ya rili lilikuwa na karatasi ubavuni: jina la bendi, tarehe, majina ya wapigaji, fundi aliyerekodi. Yeye ndiye aliyeziandika kwa kalamu ya wino, herufi zimelala upande mmoja. Ndani ya boksi la kanda ya zamani ulikutana na harufu ya siki. Hiyo ni plastiki ya asetati inajitafuna. Ukiisikia ujue kanda imeanza kujikunja na muda wake wa kunakiliwa unapita. Kanda mpya zilipokuwa adimu, agizo lilitoka juu kwamba zile "zisizotumika" zifutwe zirekodiwe hotuba na vipindi. Babu Kanda alibishana nao kwa heshima zote. Nilimwona akihamisha maboksi kutoka rafu moja kwenda nyingine ili wasiyakute.

Nilikuwa nimeshasoma habari za Metro-Goldwyn-Mayer, kwa hiyo sikushangaa. Studio hiyo, tajiri kuliko zote enzi zake, ilipata mmiliki mpya mwaka 1969, na uongozi uliofuata uliamua kwamba karatasi za muziki zinakula nafasi. Nota za okestra, kazi ya mamia ya waandishi kwa miongo kadhaa, zilipelekwa jalalani na kufukiwa. The Wizard of Oz ilikuwemo, Singin' in the Rain ilikuwemo. Kilichobaki kwa nyingi ni muhtasari wa mistari michache waliotumia viongozi wa okestra. Mwingereza John Wilson alitumia miaka kukaa na filamu na muhtasari huo, akisikiliza nota moja baada ya nyingine na kuziandika upya, mpaka mwaka 2009 okestra yake ikazipiga Royal Albert Hall na watu wakasimama. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kupotea kwa kumbukumbu ni ugonjwa wa nchi maskini. Waliofukia nota walikuwa na fedha za kujenga ghala la marumaru.

Waliookoa, mara nyingi, ni watu wasiojulikana. Miaka ya 1930, mafundi wa MGM na wa 20th Century Fox walizoea kuweka maikrofoni zaidi ya moja mbele ya okestra na kurekodi kila moja kwenye filamu yake, ili baadaye wachague iliyo bora. Hawakuwa na habari ya stereo. Walikuwa wanajihami tu. Baadhi ya filamu hizo zilinusurika. Kampuni ya Rhino ilipotoa The Wizard of Oz mwaka 1995, ilichukua zile za maikrofoni mbili tofauti, ikazipanga pamoja, na sehemu za muziki wa mwaka 1939 zikatoka kwa stereo halisi. Nilipousikia mwanzo wake kwenye spika za studio, usiku, zamu yangu ikiwa imekwisha, nilikaa chini. Mwaka uliofuata Rhino hao hao walitoa Gone with the Wind katika CD mbili. Muziki kamili wa filamu maarufu namna hiyo ulikuwa umesubiri miaka 57.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Lukas Kendall, aliyekuwa akichapisha jarida la Film Score Monthly, aligeuka mtoaji wa CD. Douglass Fake alikuwa na Intrada huko California. Varèse Sarabande walikuwa na klabu yao, na baadaye wakaja La-La Land. Chama cha wanamuziki nacho kililegeza masharti kwa matoleo madogo ya rekodi za zamani. Huko Provo, Utah, maktaba ya Chuo Kikuu cha Brigham Young, iliyopokea karatasi na santuri za majaribio za Max Steiner, nayo ilitoa CD zake chini ya usimamizi wa James D'Arc. Ukiniuliza ni nani niliyemwonea wivu maishani, ni huyo, na hata si kwa mshahara.

Utaratibu ulikuwa huu: nakala 1000, 2000 au 3000, hakukuwa na kuchapa tena. Ikitangazwa, ulinunua siku hiyo au ulikwenda kuinunua baadaye kwa walanguzi kwa bei ya mbuzi. Mpwa wangu aliyeko Minneapolis alikuwa wakala wangu. "Mjomba, hii ya filamu ya mwaka 1953 ya nini tena?" angeniuliza kwenye simu, na angenunua. Zilikuja kwenye masanduku ya watu wanaorudi likizo, katikati ya viatu. Nilipata White Witch Doctor, filamu ya Kongo ambayo Herrmann aliiandikia muziki wenye ngoma za breki za magari. Nilipata The Snows of Kilimanjaro, ya Herrmann pia, iliyorekodiwa upya na okestra ya Moscow. Ben-Hur ya Miklós Rózsa ilipotoka mwaka 2012 katika CD tano, mke wangu aliuliza kama filamu yenyewe ilikuwa ndefu hivyo.

Ulanguzi wenyewe una hadithi zake. Iliyo kubwa ni ya The Caine Mutiny, ya 1954. RCA ilitengeneza santuri yake ikaweka upande mmoja mazungumzo ya mahakamani kutoka kwenye filamu. Herman Wouk, mwandishi wa riwaya, alipinga, na santuri ikaondolewa kabla haijauzwa. Nakala chache zilizoponyoka zimeuzwa kwa maelfu ya dola. Wanaozijua wanakubaliana kwamba muziki wake si kitu cha ajabu. Hapo ndipo mimi na baadhi ya wakusanyaji tunapoachana. Anayenunua santuri asiyokusudia kuisikiliza ni mfanyabiashara wa karatasi.

Hatari! ilitoka Intrada. Mpwa aliituma na mtu aliyekuwa anakuja msibani Moshi, nami nikaifuata huko huko. Niliisikiliza ndani ya gari la rafiki, madirisha yamefungwa.

Nitasema ukweli wangu. Si albamu tamu. Vipande vingi ni vifupi, vingine haviifikii dakika, vinakatika pale ambapo picha ilikatika. Ukimpa mtu asiyeijua filamu, atakuuliza kama mashine yako imeharibika. Jazi ya mjomba, ile ya jioni na glasi mkononi, ni safi na imepangwa na bingwa. Lakini kwenye hii ya filamu okestra inafanya kazi iliyoajiriwa kufanya: inakimbiza wanyama. Ngoma zinaingia mapema kuliko unavyotarajia, tarumbeta zinagongana nazo, na ile marimba ya vidole haikuwekwa pale kama pambo la ugeni bali imeshika pigo. Mancini niliyemsikia mle si yule wa kwenye sherehe za harusi. Nilifurahi kwa niaba yake, marehemu tangu 1994, kwamba hatimaye angehukumiwa kwa kazi nzima.

Na iliwezekana kwa sababu mtu fulani pale Paramount, ambaye hakuna atakayejua jina lake, aliandika vizuri ubavuni mwa boksi. Kanda isiyo na maandishi hakuna anayeilipia chama cha wanamuziki.

Bado kuna kitu nakisubiri, na hiki hakina mtunzi wa Hollywood. MGM ilipokuja kupiga King Solomon's Mines, iliyotoka mwaka 1950, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Rwanda. Filamu hiyo haina okestra kabisa. Kinachosikika ni nyimbo na ngoma za watu wa huku, na ile ngoma ya Watutsi mwishoni ndiyo iliyozungumzwa sana ng'ambo. Mogambo, ya mwaka 1953, ilifuata njia ile ile. Majina ya waigizaji na wapiga picha yanapita mwanzoni, na sikuona la mpiga ngoma hata mmoja. Watoaji wa siku hizi huweka kijitabu ndani ya kila CD, chenye jina la kila mpigaji wanayeweza kumpata, hadi wa klarineti ya tatu. Albamu ya filamu hizi mbili nitainunua siku itakayotangazwa. Lakini kijitabu chake kitajazwa na nini?

Wazee waliokuwa vijana wakati ule wamebaki wachache, nao wana miaka tisini na zaidi. Kama kwenu Rwanda, Murchison, Mara au Arusha yuko mzee anayesimulia kwamba aliwahi kuimba au kupiga ngoma mbele ya mashine za Wazungu wa sinema, usimcheke kama tulivyomcheka mjomba na sigara yake. Muulize jina lake kamili, la kijiji, la kikundi, na walioimba naye. Yaandike kwa kalamu isiyofutika, weka na tarehe.